Kifua Kikuu: Picha Moja Haimalizi Habari

Watu wengi waliokwisha kupigwa picha ya kifua hospitalini hurudi nyumbani na bahasha kubwa mkononi. Bahasha hiyo huwekwa juu ya kabati au chini ya godoro, na baada ya miezi michache watoto huichezea au maji ya mvua huiharibu. Wengine huitupa siku ile ile wanapoambiwa kwamba wamepona. Hudhani kwamba picha ya kifua ni kama tikiti ya basi, ambayo abiria akishashuka haina kazi tena.

Dhana hiyo si ya kweli, nayo yaweza kumgharimu mtu fedha, wakati, na pengine uhai wake. Picha ya kifua huonyesha hali ya mapafu siku ile moja tu ilipopigwa. Haisemi jana yalikuwaje, wala kesho yatakuwaje. Lakini picha mbili za mtu mmoja, zilizopigwa nyakati mbalimbali na kuwekwa pamoja, humwonyesha daktari mwendo wa ugonjwa: kama unakuja, kama unakwenda, au kama umekwisha na yaliyobaki ni makovu. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza katika somo hili, hasa kwa ndugu zetu wa Majengo, Nairobi, na wa mitaa mingine ambako watu wengi hukaa pamoja katika vyumba vidogo. Mtu wa shamba naye yamhusu, kwa kuwa aghalabu mgonjwa wa mjini hurudi kwao kuuguzwa.

JINSI PICHA INAVYOPATIKANA

Mwezi wa Novemba mwaka 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, mtaalamu aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi isiyoonekana kwa macho ambayo hupenya mwili wa mtu. Kwa kuwa hakujua ni mionzi ya namna gani, aliipa jina la herufi ile ambayo watu wa hesabu huiandika mahali pa kitu kisichojulikana, na kutoka hapo tumepata neno letu eksirei.

Mionzi hiyo hupita kwa urahisi katika hewa, hupita kwa taabu katika nyama na maji, na katika mfupa hupita kidogo sana. Kwa hiyo katika picha mapafu yenye afya huwa meusi, maana yamejaa hewa. Mbavu huwa nyeupe. Na moyo huonekana mweupe katikati, umeelekea upande wa kushoto. Palipo na ugonjwa ndani ya pafu, hewa imefukuzwa, na mahali pake pamekaa usaha, majimaji au kovu. Basi hapo huonekana weupe, na weupe huo ndio madaktari huuita kivuli. Msomaji asishangae kusikia kitu cheupe kikiitwa kivuli. Ndiyo desturi ya kazi hiyo. Tena akumbuke kwamba picha hutazamwa kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yetu, hivyo upande wake wa kuume uko mkono wetu wa kushoto.

Picha mbili haziwezi kulinganishwa vema kama hazikupigwa sawasawa, na hapa mgonjwa mwenyewe ana kazi ya kufanya. Avue nguo za juu au avae vazi la hospitali. Aondoe cheni, pini na hirizi. Mwanamke mwenye nywele ndefu zilizosukwa azifunge juu ya kichwa, kwa sababu misuko ikilala mabegani huandika kivuli juu ya pafu, mahali pale pale panapopendwa na kifua kikuu. Kisha asimame kifua kikigusa ubao wa mashine, mabega ayalete mbele, avute pumzi nyingi na kuizuia mpaka aambiwe aiache. Asiyevuta pumzi ya kutosha, mapafu yake huonekana yamefifia na moyo wake kuwa mkubwa, hata akadhaniwa mgonjwa.

Wako wanaoogopa mionzi. Mionzi ya picha moja ya kifua ni kidogo sana, kadiri ya ile ambayo kila mtu huipata kutoka ardhini na angani kwa muda wa siku 10 hivi. Hata hivyo, mwanamke mwenye mimba amwarifu mpiga picha mapema, ili amkinge ipasavyo.

UGONJWA NA NJIA YAKE

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu. Kijidudu hicho huzaana polepole mno. Viko vijidudu vya maradhi mengine ambavyo kimoja hugawanyika kuwa viwili kwa dakika 20 tu. Hiki cha kifua kikuu huchukua kama saa 20. Hiyo ndiyo sababu kichomi humwangusha mtu kwa siku mbili tatu, hali kifua kikuu humla mtu kwa miezi. Na picha nazo hufuata mwendo huo huo: kivuli cha kichomi chaweza kubadilika kwa siku chache, lakini kivuli cha kifua kikuu hubadilika kwa majuma na miezi.

Vijidudu hivi husafiri hewani mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au anapoimba, navyo huingia mapafuni mwa wale wanaovuta hewa hiyo. Haviambukizwi kwa sahani, wala kwa kikombe, wala kwa kupeana mkono. Vipendacho ni chumba kisicho na mwangaza wala upepo. Majengo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika Pumwani, mahali palipotengwa na serikali ya wakati ule kwa ajili ya makazi ya Waafrika. Nyumba zilijengwa kwa mtindo wa Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, na wapangaji wa makabila mengi wakakaa chini ya paa moja. Ujirani huo una mema yake mengi, maana mgonjwa hakosi wa kumpelekea uji. Lakini chumba chenye dirisha dogo lililofungwa usiku kucha, na watu watano wamelala humo, ni mahali pa raha kwa kijidudu hiki.

Si kila aliyevuta vijidudu huugua. Katika watu 100 walioviingiza mwilini, watakaougua maishani mwao ni 5 hadi 10, kama miili yao haina udhaifu mwingine. Kwa wengine mwili huvifungia vijidudu kama mtu afungiavyo mwizi chumbani. Picha ya mtu wa namna hii aghalabu haionyeshi kitu, au huonyesha doa dogo jeupe la chokaa ambalo halibadiliki mwaka hata mwaka. Doa hilo peke yake si ugonjwa.

PICHA NNE ZA MTU MMOJA

Ili mambo yaeleweke, tutoe mfano wa kubuni. Tuseme yuko fundi seremala mwenye umri wa miaka 32, amepanga chumba Majengo, na kila siku huteremka Gikomba kwa kazi yake. Amekohoa miezi miwili. Usiku hutoka jasho hata shuka ikalowa, na suruali yake sasa haikai kiunoni bila mshipi. Majirani wamemwambia ni vumbi la mbao. Hatimaye amekwenda hospitali.

Picha ya kwanza. Makohozi yake yamepimwa na mashine ambayo kwa muda wa saa mbili hivi huonyesha kama mna vijidudu vya kifua kikuu, na kama vijidudu hivyo ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Vijidudu vimeonekana, nao si sugu. Picha ya kifua inaonyesha kivuli upande wa juu wa pafu la kuume, kama pamba iliyochambuliwa na kutawanywa. Katikati ya kivuli kuna duara jeusi kadiri ya limau, lenye ukuta mnene mweupe. Hilo ni pango: nyama ya pafu imeoza, ikalainika, ikakoholewa nje, na mahali pake pamebaki tundu lenye hewa. Ndani ya pango vijidudu huzaana kwa wingi sana, na ndiyo maana mgonjwa mwenye pango huambukiza kuliko wengine. Chini, katika pafu la kushoto, kuna madoa madogo yaliyokaa kwa mafungu. Hayo yametokana na makohozi ya pangoni yaliyoshuka kwa njia za pumzi na kuupeleka ugonjwa upande wa pili.

Picha ya pili, miezi miwili baadaye. Fundi ametumia dawa nne kila siku. Hakohoi sana, amenenepa kidogo, usingizi umerudi, na makohozi yake hayaonyeshi vijidudu tena. Katika picha, ile pamba imepungua, na madoa ya kushoto yamefifia. Lakini pango lingalipo. Ukuta wake tu ndio umekuwa mwembamba. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mgonjwa hujiona mzima, na kazi inamngoja, basi huacha dawa. Vijidudu vilivyo hai vimekufa wengi wao, lakini vimebaki vichache vilivyolala, na dawa huviua polepole. Aachaye dawa wakati huu huviacha viamke, na pengine viamke vimekuwa sugu. Ikiwa pango lilikuwapo tangu mwanzo na makohozi bado yana vijidudu mwezi wa pili, daktari humwangalia mgonjwa huyo kwa makini zaidi, kwa kuwa ugonjwa wake ni mwepesi wa kurudi.

Yafaa pia kujua kwamba kwa wagonjwa wengine picha huonekana mbaya zaidi katika majuma ya kwanza ya dawa, ingawa wanapona. Mwili uliokuwa umechoka umepata nguvu, nao unapigana, na mapigano hayo huongeza kivuli. Jambo hili huonekana hasa kwa wenye virusi vya Ukimwi ambao wameanza karibuni dawa za virusi hivyo. Mgonjwa asikate tamaa wala asibadilishe dawa kwa shauri la majirani. Shauri liwe la daktari.

Picha ya tatu, mwisho wa mwezi wa sita. Dawa zimekwisha, na makohozi ni safi. Pango limejifunga, na mahali pake pana mistari myeupe iliyojikunja. Mrija wa pumzi, ambao hupita katikati ya kifua, umevutwa kidogo upande wa kuume, na sehemu ya juu ya pafu imenywea. Fundi anapoonyeshwa picha anashtuka.

“Daktari, dawa nimezimaliza bila kukosa hata siku moja. Mbona kivuli kingalipo?”

“Hicho si ugonjwa, ni kovu,” daktari anamjibu. “Ulipojikata na msumeno mkononi, jeraha lilipona, lakini alama haikutoka. Na pafu ni vivyo hivyo. Picha hii usiitupe. Siku moja itakusaidia.”

Picha ya nne, miaka mitatu baadaye. Fundi amehamia mji mwingine. Amepata kikohozi, majuma matatu sasa, amekwenda hospitali ambayo hawamjui, na picha zake za zamani amezipoteza. Daktari anaona kivuli juu ya pafu la kuume. Je, ni kovu lile lile, na kikohozi ni cha mafua tu? Au ugonjwa umerudi? Au ameambukizwa upya, kwa maana kupona mara moja hakumpi mtu kinga ya maisha? Au ni jambo jingine kabisa? Picha hiyo moja haiwezi kujibu. Makohozi yatapimwa, lakini pengine hayatoki ya kutosha, na pengine majibu hayana yakini. Basi mtu huyu aweza kutiwa katika dawa za miezi sita ambazo hazihitaji, na dawa hizo zina madhara yake, hata ini laweza kuumia. Au kinyume chake, aweza kuambiwa, “Haya ni makovu yako ya zamani,” naye kumbe ugonjwa umekwisha kurudi, na nyumbani ana mtoto mchanga.

Lau angaliitunza picha ya tatu, mambo yangalikuwa mepesi. Daktari angaliziweka picha mbili bega kwa bega mbele ya taa. Kama mistari ni ile ile na mrija wa pumzi uko pale pale, aghalabu ni kovu. Kama kuna pamba mpya, au pango lililokuwa limefungwa limefunguka, ni lazima ugonjwa utafutwe kwa bidii. Kanuni ya zamani ya madaktari husema kwamba kivuli kisichobadilika kwa muda wa miezi sita ni dalili ya ugonjwa uliotulia. Lakini kutobadilika hakuwezi kujulikana bila picha mbili.

UGONJWA UKIACHWA BILA DAWA

Kabla ya kupatikana dawa, madaktari waliuona mwendo wote wa ugonjwa huu katika picha za miaka. Pango moja likawa mawili. Kivuli kikavuka kutoka pafu moja kwenda la pili. Mahali pengine makovu yakakaza, mbavu zikakaribiana, na moyo ukavutwa kando. Katika kila watu 10 waliokuwa wakitoa vijidudu vingi katika makohozi, karibu 7 walikufa kabla ya kutimia miaka 10. Waliosalia waliishi na mapafu yaliyokunjamana, pumzi zikiwa fupi.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Streptomisini ilipatikana mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952. Kisha ulifuata uchunguzi uliofanyika katika mji wa Madras, India, kuanzia mwaka 1956, ambao ulionyesha kwamba mgonjwa anayetumia dawa sawasawa nyumbani kwake hupona kama yule aliyelazwa katika hospitali ya kifua kikuu, wala hawaambukizi jamaa zake kuliko huyo. Hiyo ilikuwa habari njema kwa mtu wa chumba kimoja, ambaye akilazwa mwaka mzima watoto wake hawana wa kuwalisha.

Matibabu ya miezi sita nayo yana sehemu yake Afrika ya Mashariki, na jambo hili halijulikani na wengi. Zamani mgonjwa alitumia dawa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Kuanzia mwaka 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walikubali kushiriki katika uchunguzi uliofanywa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba miezi sita yaweza kutosha, mradi rifampisini iwe miongoni mwa dawa. Makohozi na picha za vifua vya watu wa kwetu zilikuwa ushahidi uliobadilisha matibabu ya dunia nzima.

VIVULI VINAVYOFANANA

Msomaji asidhani kwamba kila kivuli ni kifua kikuu. Wachimbaji na wapasuaji mawe waliovuta vumbi la mawe miaka mingi hupata madoa meupe juu ya mapafu yote mawili, nao zaidi ya hayo hupatwa na kifua kikuu upesi kuliko wengine. Mama aliyepikia kuni au makaa katika jiko lisilo na njia ya moshi kwa miaka mingi aweza kuwa na mapafu yaliyoharibika. Mvutaji sigara aweza kuwa na saratani, ambayo katika picha hujificha nyuma ya kovu la zamani.

Liko na jambo jingine kwa wale waliopona. Pango likibaki wazi bila vijidudu, kuvu huweza kumea ndani yake hata likafanyika kama mpira mdogo. Katika picha huonekana duara jeupe ndani ya tundu, na juu yake mwezi mwandamo mweusi wa hewa. Mtu wa namna hii hutema damu, na mara nyingi hudhaniwa kwamba kifua kikuu kimerudi. Hapa tena picha za zamani husema mengi, kwa maana zitaonyesha tundu likiwa tupu.

Na kuna wale ambao picha huwaficha. Mtu mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka sana, mwili wake hauna nguvu ya kupigana, kwa hiyo mara nyingi mapango hayatokei. Kivuli hukaa chini badala ya juu, au tezi za katikati ya kifua huvimba, na pengine picha huonekana safi hali ugonjwa umo. Watoto wadogo nao huonyesha tezi zilizovimba kuliko mapango. Kwa hiyo picha iliyo safi si ruhusa ya kupuuza kikohozi na kukonda.

PICHA NI SHAHIDI, MAKOHOZI NI HAKIMU

Mwaka 1947 madaktari wa Marekani walitangaza jambo lililowashangaza wengi. Waliwapa wasomaji hodari picha zile zile za vifua wazisome kila mmoja peke yake, na wasomaji hao hawakupatana. Tena msomaji mmoja aliporudishiwa picha zile zile baadaye, hakupatana na maneno yake mwenyewe ya kwanza. Si kwamba hawakujua kazi. Kivuli ni kivuli, na jicho la mtu ni jicho la mtu. Tangu hapo imekuwa kanuni kwamba picha huonyesha mahali pa kutafuta, lakini uthibitisho hutafutwa katika makohozi.

Hata hivyo picha ina kazi ambayo kikohozi hakiwezi. Katika mji wa Glasgow, Scotland, mwaka 1957, watu zaidi ya 700,000 walipigwa picha kwa muda wa majuma matano, ili wagonjwa wasiojijua wapatikane. Nchini Kenya uchunguzi mkubwa wa kwanza wa nchi nzima tangu uhuru ulifanyika mwaka 2015 na 2016. Watu wazima 63,050 waliulizwa maswali na kupigwa picha za kifua, na wagonjwa 305 walipatikana. Ilikadiriwa kwamba katika kila watu wazima 100,000 walikuwamo wagonjwa 558. Jambo la kutia hofu ni kwamba karibu nusu ya wagonjwa hao wangalikosekana kama wangaliulizwa tu, “Je, umekohoa zaidi ya majuma mawili?” Picha iliwaonyesha wengi waliokuwa wakitembea, wakifanya kazi, na kupanda matatu pamoja na wenzao bila kujua.

Siku hizi hata kompyuta zimefundishwa kusoma picha za kifua, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu zitumike kuwachagua watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaohitaji kupimwa makohozi. Lakini kompyuta nayo yaweza kulitazama kovu la zamani na kulidhani ugonjwa mpya. Kwa aliyewahi kuugua, habari ya zamani bado inatakiwa.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Ukikohoa majuma mawili, au ukikonda na kutoka jasho usiku, nenda hospitali. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali nchini Kenya.

2. Tumia dawa mpaka siku ya mwisho. Nafuu unayoiona na picha iliyopungua kivuli si ruhusa ya kuacha.

3. Ukimaliza dawa, omba picha ya mwisho, au omba ihifadhiwe. Kama ni ya filamu, iweke katika bahasha yake, mahali pakavu, bila kuikunja. Kama imo katika kompyuta ya hospitali, andika jina la hospitali, namba yako na tarehe.

4. Weka pamoja na picha ile kadi yako ya matibabu, inayoonyesha dawa ulizotumia na majibu ya makohozi. Ukihamia mji mwingine au ukirudi shamba, safiri navyo kama usafirivyo na kitambulisho chako.

5. Kila uendapo kupigwa picha mpya, mwambie daktari kabla hajauliza: “Niliwahi kuugua kifua kikuu, mwaka fulani, na picha yangu ya zamani ni hii.”

6. Watu wa nyumba moja na mgonjwa nao wapimwe, hasa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Wale ambao hawajaugua waweza kupewa dawa za kuwakinga. Madirisha yafunguliwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini pafu lenye afya huwa jeusi katika picha, na kovu huwa jeupe?

2. Mgonjwa ametumia dawa miezi miwili, makohozi yake ni safi, lakini pango lingalipo katika picha. Je, dawa zimeshindwa? Aache au aendelee? Eleza sababu.

3. Mtu aliyepona miaka mitano iliyopita ana kivuli juu ya pafu lake. Taja mambo matatu ambayo kivuli hicho chaweza kuwa, na useme ni kitu gani kitakachomsaidia daktari kuyatenga.

4. Katika nyumba yenu, ni nani aliyewahi kuugua kifua kikuu, na picha zake ziko wapi leo?

Swali hili la mwisho halijibiwi kwa kalamu. Msomaji na ainuke akatazame juu ya kabati.